Ukombozi wa Msichana Hautaki Nderemo, Unataka Kazi

Kila inapofika tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, vijana wa nchi hii hutoka kwa wingi. Hufanyika maandamano yenye ngoma na mabango, fulana mpya huvaliwa, risala husomwa mbele ya mgeni rasmi, naye mgeni rasmi huahidi kuyafikisha mahali panapohusika yote aliyoyasikia. Jua likipinda, maturubai hukunjwa, fulana hufuliwa zikangoja mwaka ujao, na kila mtu hurudi kwao. Hali ni hiyo hiyo tarehe 8 Machi na tarehe 16 Juni. Hakuna mwenye haki ya kuzibeza siku hizo, kwani taifa lisilo na siku ya kulikumbuka jambo huishia kulisahau jambo lenyewe. Lakini ipo haja ya kuuliza bila kuumauma maneno: baada ya nderemo, msichana amepata nini?

Swali hilo linawahusu vijana kwa sababu wao ndio wanaojiita watetezi wa usawa. Linawahusu pia walimu na watumishi wa umma, kwa kuwa wengi wao ni vijana. Mwalimu wa miaka 26 aliyepangiwa shule ya msingi ya kijijini si mtazamaji wa mambo ya vijana. Yeye ni kijana mwenye kazi, mwenye kalamu na mwenye daftari la mahudhurio. Hali kadhalika ofisa mtendaji wa kijiji, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, muuguzi wa zahanati na karani wa mahakama ya mwanzo. Ikiwa kumtetea msichana ni kazi ya vijana, basi hao ndio wanaopaswa kuwa mstari wa mbele, maana wanaona kila siku mambo ambayo waandamanaji wa mjini huyasikia kwa redio.

Sheria mbili, msichana mmoja

Adui anayepigwa vita hapana budi ajulikane kwa jina. Mmoja wa maadui wakubwa wa msichana wa Tanzania ni ndoa ya utotoni, na adui huyo hajifichi gizani. Amejengewa nyumba ndani ya sheria.

Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu, likaamua kwamba mtu yeyote atakayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari atastahili kifungo cha miaka 30. Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sheria hiyo, kwa namna ilivyoandikwa, humlinda mwanafunzi. Siku msichana anapoacha kuitwa mwanafunzi, ngao hiyo huanguka mikononi mwake.

Hapo ndipo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inapompokea. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa msichana, na kikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa hata ya mwenye miaka 14 ikiwa kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikasema kwamba msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, ridhaa hiyo hutolewa na mama. Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ilitamka kwamba mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amembaka, hata kama msichana alikubali. Papo hapo ikamtoa katika kosa hilo mwanamume ambaye msichana huyo ni mke wake mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana.

Tafsiri yake kwa lugha ya kawaida ni hii. Wasichana wawili wa miaka 15 wanakaa nyumba za jirani. Mmoja yuko kidato cha kwanza. Mwingine hakufaulu darasa la saba. Mwanamume akimwoa wa kwanza, anakwenda jela miaka 30. Akimwoa wa pili kwa ridhaa ya baba, anapigiwa vigelegele na kusindikizwa kwa ngoma. Umri wa wasichana hao ni ule ule, miili yao ni ile ile, na hatari ya kufa wakati wa kujifungua ni ile ile. Kinachowatofautisha mbele ya sheria ni sare ya shule.

Wenye tamaa wameielewa tofauti hiyo upesi kuliko watunga sheria. Walimu wa mikoa ya wafugaji wanaijua vizuri hila inayotumika: msichana hodari darasani huagizwa nyumbani akajibu ovyo mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ili jina lake lisionekane katika orodha ya waliochaguliwa. Akishindwa mtihani, hana tena sare. Akikosa sare, hana tena ulinzi. Na ng'ombe huanza kuhesabiwa. Hivyo ujinga wa kulazimishwa umekuwa mlango wa kuingilia katika ndoa ya kulazimishwa.

Takwimu za taifa zinathibitisha kwamba jambo hili si dogo. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24, walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 59 mkoani Shinyanga, asilimia 58 Tabora, asilimia 55 Mara na asilimia 51 Dodoma. Kwa nchi nzima walikuwa asilimia 37, na utafiti wa 2015-16 ukaonyesha asilimia 31. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kupata mimba walikuwa asilimia 27 katika utafiti huo, na asilimia 22 katika ule wa mwaka 2022. Maendeleo yapo, na mwenye kuyakana si mkweli. Lakini ni mwendo wa kinyonga, na msichana mwenye miaka 14 leo hawezi kumngojea kinyonga.

Kijana aliyekwenda mahakamani

Wapo wanaodhani kwamba kijana hawezi kufanya lolote mbele ya sheria iliyotungwa kabla hajazaliwa. Historia ya karibuni inawakanusha. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alifungua kesi katika Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinamnyima msichana usawa alioahidiwa na Katiba ya mwaka 1977. Hakumtukana mtu wala hakuvunja kioo cha ofisi ya mtu. Alichukua Katiba, akachukua sheria, akaziweka mezani pamoja na kuwaomba majaji wasome. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, iliitupilia mbali rufani hiyo.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na ndani yake mna somo chungu. Oktoba 2020 ilifika, mwaka mzima baada ya hukumu ya rufani, Bunge likiwa halijavirekebisha vifungu hivyo. Ilisemwa kwamba maoni ya wananchi yanahitajika, kwamba jambo hili ni nyeti, kwamba viongozi wa dini na wa mila washirikishwe. Kushauriana ni jambo jema. Lakini mashauriano yasiyo na mwisho ni njia ya heshima ya kusema hapana. Hukumu isiyotekelezwa ni jembe lisilo na mpini: linang'aa ghalani, lakini halilimi.

Somo kama hilo linapatikana Zimbabwe. Huko nako wanawake wawili vijana, Loveness Mudzuru na Ruvimbo Tsopodzi, ambao wenyewe walipitia ndoa za utotoni, walikwenda Mahakama ya Katiba. Tarehe 20 Januari 2016 mahakama hiyo iliamua kwamba hakuna mtu wa chini ya miaka 18 atakayefunga ndoa. Hata hivyo sheria mpya ya ndoa ya kuambatana na uamuzi huo ilipatikana mwaka 2022 tu. Kenya iliweka miaka 18 katika sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014. Malawi ilirekebisha katiba yake mwaka 2017 kwa lengo hilo hilo. Nchi hizo zina mila, zina makanisa na zina misikiti kama Tanzania, wala mbingu hazikuwaangukia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vijana ni kuifuatilia hukumu mpaka iwe sheria. Kila jimbo lina mbunge, na kila mbunge hurudi jimboni kuomba kura. Kijana anayepiga kelele katika maandamano na kunyamaza mbele ya mbunge wake amepoteza sauti yake mahali pasipohitajika na kuificha mahali inapohitajika. Mbunge aulizwe hadharani, kwa adabu, swali lisilo na kona: je, utaunga mkono miaka 18 kwa wote, ndiyo au hapana? Jibu lake liandikwe, na siku ya kura likumbukwe.

Mfaidi ni nani?

Katika kila uonevu hapana budi atafutwe mfaidi. Ndoa ya utotoni si balaa iliyoshuka tu kutoka mbinguni. Ni biashara yenye faida, na faida hiyo ina wenyewe. Baba hupokea mahari. Mwoaji hupata mfanyakazi asiyelipwa, atakayelima, kuteka maji, kupika na kuzaa. Lakini yuko mfaidi wa tatu ambaye hasemwi sana katika semina, naye ni kaka.

Katika jamii nyingi za wafugaji, ng'ombe wa mahari ya dada ndio ambao kaka yake huwatumia kuolea. Kwa maneno mengine, dada wa miaka 15 hutolewa shule ili kaka wa miaka 22 apate mke. Huyo kaka ndiye kijana. Pengine yumo katika klabu ya vijana, pengine amevaa ile fulana ya tarehe 11 Oktoba, pengine ni mwalimu au karani aliyesoma kwa ng'ombe waliouzwa. Anaweza kuhutubia saa nzima juu ya usawa na asitaje hata mara moja zizi la baba yake.

Unafiki huu hauna budi kufichuliwa. Usawa usiomgharimu mwenye upendeleo ni maneno matupu. Kijana wa kiume anayetaka kuaminika katika vita hivi aanze kwa kutamka mbele ya ukoo wake: sitaoa kwa ng'ombe wa mtoto, nitangoja, nitafanya kazi, na dada yangu asome. Kauli moja ya namna hiyo, ikitolewa katika kikao cha ukoo na mtoto wa kiume wa nyumba ile, ina uzito kuliko mabango 100. Mzee anaweza kumpuuza ofisa wa wilaya kwa kuwa ni mgeni. Hawezi kumpuuza kwa wepesi mwanawe ambaye ng'ombe wale walikusudiwa kumnufaisha.

Wala asidhani kijana wa mjini kwamba hayo ni mambo ya porini yasiyomhusu. Katika nyumba ngapi za watumishi mijini binti wa kazi mwenye umri wa kwenda shule huamka alfajiri, akawaandaa watoto wa wenzake kwenda darasani, kisha akabaki na ndoo na ufagio? Katika nyumba ngapi kaka husoma baada ya chakula cha jioni, na dada mwenye mtihani ule ule yuko jikoni anasugua sufuria? Usawa unaoanzia jukwaani na kuishia mlangoni pa nyumba ya msemaji haujaanza.

Mila, Uzungu na visingizio vingine

Wapinzani wa usawa wana hoja zao, nazo zinastahili kujibiwa, maana hoja isiyojibiwa hugeuka kuwa ukweli vinywani mwa watu.

Hoja ya kwanza ni mila. Husemwa kwamba ndoa ya mapema ni urithi wa mababu, na kwamba kuigusa ni kuivunja jamii. Lakini Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumshutumu kuwa aliudharau Uafrika, aliandika mwaka 1967, alipoeleza misingi ya ujamaa vijijini, kwamba hali ya mwanamke katika jamii ya jadi ilikuwa na kasoro na kwamba haikupasa kuendelea. Hakuona aibu kuisifu jadi kwa mema yake na kuikosoa kwa maovu yake. Mila ni kama shamba: mkulima mwenye akili hupalilia, haachi magugu kwa sababu yaliota wakati wa babu.

Sheria ya Ndoa yenyewe ni ushahidi. Ilipotungwa mwaka 1971 ilikuwa ya kimapinduzi. Ilitamka kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, na ikaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na wanandoa kwa jasho la pamoja. Mambo hayo nayo yalikuwa kinyume cha mila za wengi. Anayeitetea miaka 15 kwa jina la sheria ya 1971 anashika ganda na kuutupa moyo, kwa maana moyo wa sheria ile ulikuwa kumwinua mwanamke kufikia pale wakati ule uliporuhusu. Wakati wa leo unaruhusu zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 atakuwa na miaka 16 anapoimaliza. Itakuwaje taifa limlazimishe kuwa darasani na wakati huo huo liruhusu awe arusini?

Hoja ya pili ni kwamba usawa ni kasumba ya kigeni. Wanaosema hivyo wasome tena historia ya nchi hii. Mwaka 1955, TANU ikiwa changa, Bibi Titi Mohamed alikuwa bado hajafika miaka 30 alipokuwa akipita katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam kuwaandikisha uanachama. Hakuna Mzungu aliyemtuma. Wazungu ndio aliokuwa akiwapinga. Mwanamke wa Tanzania alidai uhuru kabla ya semina na kabla ya wafadhili. Kigeni ni kule kumfanya awe mgeni katika uhuru alioupigania.

Hoja ya tatu ndiyo inayowatisha wazazi wengi: afadhali binti aolewe mapema kuliko apate mimba nyumbani. Woga huo si wa kuchekwa. Msichana wa sekondari ya kata anayetembea mwendo mrefu, au anayepanga chumba mtaani kwa sababu shule haina bweni, yuko hatarini kweli. Lakini dawa ya hatari ni kuiondoa hatari. Anayemwoza mtoto ili asipate mimba amemkabidhi mimba hiyo kwa mikono yake mwenyewe, kwa sherehe na kwa risiti. Dawa ni bweni, ni mwanga, ni mwalimu wa kike wa malezi, ni elimu ya afya inayotolewa bila haya, na ni mkono wa sheria juu ya mwanamume anayevizia njiani.

Kazi yenyewe

Kuhimiza bila kuelekeza ni kuwachosha watu. Vijana waambiwe wazi ni wapi pa kushika.

Pa kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkutano hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Vijana wengi hawaudhurii mikutano hiyo. Huiita mikutano ya wazee, kisha hulalamika kwamba wazee wameamua. Vijana 20 wakiingia pamoja, wakiwa na hoja moja iliyoandaliwa vizuri, wanaweza kukifanya kijiji kitunge sheria ndogo ya utoro, kiwataje kwa hesabu wasichana walioacha masomo tangu mkutano uliopita, na kiwatake wazazi waeleze mbele ya wenzao.

Pa pili ni cheti cha kuzaliwa. Umri usio na karatasi huongezwa kama pombe inavyoongezwa maji. Baba akiulizwa, binti wa miaka 13 huwa na 16, na hakuna wa kubisha. Kijana anayejua kuandika akiisaidia kaya moja baada ya nyingine kuwasajili watoto, amejenga ngome ambayo hakuna mahari itakayoibomoa kwa urahisi. Kazi hiyo haina kamera wala mgeni rasmi. Ndiyo maana inafaa.

Pa tatu ni taarifa. Ipo simu ya bure ya kumsaidia mtoto, namba 116. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa kuanzia ngazi ya kijiji chini ya mpango wa taifa ulioanza 2017. Mkoani Mara zipo nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu, zinazowapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, hasa Desemba shule zinapofungwa. Ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu 1998, na katika utafiti wa 2022 waliokeketwa walikuwa asilimia 8 ya wanawake wote wa miaka 15 hadi 49, kutoka asilimia 18 mwaka 1996. Kupungua huko hakukuja kwa ngonjera. Kulikuja kwa sababu wasichana walikimbia usiku, na mtu fulani akawafungulia mlango. Vijana wajue milango hiyo ilipo kabla Desemba haijafika.

Pa nne ni msichana mzazi. Kwa miongo mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 msimamo huo ulitiliwa mkazo kwa kauli nzito kutoka juu. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwa ni pamoja na kupata mimba, waruhusiwe kurudi. Mlango umefunguliwa. Lakini msichana anayeingia kwa mlango huo akakuta dhihaka kwa wanafunzi wenzake na maneno ya kejeli kwa walimu, atatoka kwa dirisha. Utetezi hapa ni jambo dogo na gumu: kukaa naye dawati moja, kumpa madaftari ya masomo aliyoyakosa, na kumkemea anayemcheka. Haihitaji bajeti.

Deni la mwalimu na mtumishi

Yote hayo yatakuwa bure ikiwa mwenye ofisi atayaangusha. Mwalimu akiona jina la binti limekuwa na alama za utoro wiki mbili mfululizo, akaendelea kuweka alama tu, ameshiriki. Mtendaji akialikwa pilau ya harusi ya mtoto na akala, ameshiriki. Polisi anayewashauri wazazi wakamalizane nyumbani, wakakubaliana ng'ombe wawili na kesi ikafa, ameiuza haki kwa bei ya mnadani. Na mwalimu anayemgeuza mwanafunzi wake kuwa mpenzi hastahili hata kujadiliwa katika safu moja na walimu wengine. Mwalimu wa namna hiyo ni fisi aliyepewa zizi alinde, na wenzake wanaomfichia siri kwa kisingizio cha umoja wa kazi wanalifungua zizi usiku.

Ni kweli kwamba kutetea kuna gharama. Mwalimu kijana aliye mgeni kijijini, aliyepanga nyumba kwa mzee mwenye ng'ombe wengi, anajua kwamba akitoa taarifa anaweza kunyimwa maji, chumba na salamu. Wapo walioomba uhamisho kwa sababu ya uadui wa namna hiyo. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watumishi hao na kutowaacha peke yao, na wakuu wao wa kazi wasiwaite wakorofi. Lakini hata gharama hiyo haiwezi kulinganishwa na anayoilipa msichana. Mwalimu akihamishwa, anapata kituo kingine. Msichana aliyeozwa akiwa na miaka 14 hapati utoto mwingine.

Ndiyo sababu vijana hawana budi kujipanga kwa pamoja, walimu na wakulima, wa kike na wa kiume, wa kijijini na wa mjini. Mmoja akisema hunyamazishwa. 50 wakisema husikilizwa. Wasichana wenyewe wasiwekwe nyuma kama mizigo ya kutetewa. Wakae mbele, waseme, waongoze, wachaguliwe kushika madaraka katika serikali za wanafunzi na katika halmashauri za vijiji, maana asiyezoea kusema akiwa darasani hatasema akiwa kikaoni.

Kipimo cha kazi hiyo kitakuwa chepesi kuhesabika. Mwaka ujao, tarehe 11 Oktoba, kabla ngoma hazijapigwa, kila kata isomewe hesabu mbele ya mgeni rasmi: wasichana wangapi walianza darasa la kwanza, wangapi wako kidato cha nne, wangapi waliacha, na kila aliyeacha yuko wapi. Hesabu hiyo isomwe na vijana waliotembea nyumba hata nyumba kuitafuta. Kata isiyoweza kuisoma isipige ngoma.